Kinachotendeka ndani ya betri iliyofungwa, na sababu ya nyingine kuvimba

ANAYEINGIA katika karakana ya fundi wa sola, iwe Kisumu, Machakos au Malindi, hakosi kuona pembeni rundo la betri zilizokufa. Baadhi huwa zimevimba ubavuni mithili ya mkebe wa chakula kilichoharibika. Nyingine huwa zimepasuka kifuniko, na kuna zile ambazo kwa macho hazina kasoro yoyote lakini haziwezi kuwasha balbu kwa dakika 10.

Aghalabu mwenye betri huambiwa kwamba aliuziwa bidhaa ghushi. Huenda ikawa kweli, kwa kuwa bidhaa ghushi si haba madukani. Hata hivyo, mara nyingi kilichoiua betri ni gesi iliyozaliwa ndani yake, na gesi hiyo ilitokana na namna betri ilivyochajiwa na mahali ilipowekwa.

Suala hili si la mafundi pekee. Betri za risasi zilizofungwa ndizo huendesha vifaa vya dharura vya kompyuta katika ofisi, kengele za wezi, nyua za umeme, taa za dharura hospitalini na mitambo mingi ya sola vijijini. Katika nyumba nyingi betri huwekwa chini ya kitanda au nyuma ya kochi, mahali watoto wanapolala na kucheza. Aliyeinunua kwa maelfu ya shilingi hutarajia imtumikie kwa miaka, na humuuma sana inapokata roho kabla ya mwaka kuisha.

Betri hizi huitwa na wengine betri kavu. Jina hilo linapotosha. Ndani yake mna asidi, tena kali. Tofauti ni kuwa asidi hiyo haichezi ovyo kama ilivyo katika betri ya kawaida ya lori.

Ili kuelewa kinachotendeka, ni vyema kuanza na betri ya risasi yenyewe, ambayo ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859. Betri ya volti 12 imegawanywa katika vyumba sita, kila kimoja kikiwa na takriban volti mbili. Katika kila chumba mna mabamba ya aina mbili. Bamba hasi lina madini ya risasi yenye vitundu vingi kama sifongo. Bamba chanya lina oksidi ya risasi yenye rangi ya hudhurungi. Kati yake mna asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji.

Betri inapotumika, asidi huyashambulia mabamba yote mawili na kuyageuza polepole kuwa salfeti ya risasi, na maji huzaliwa. Ndiyo sababu asidi ya betri iliyoisha moto huwa nyepesi kuliko ya betri iliyojaa. Inapochajiwa, mambo hurudi kinyumenyume. Salfeti huvunjwa, risasi na oksidi yake hurejea mahali pake, na asidi hupata tena ukali wake.

Kufikia hapo hakuna gesi ya kutajwa. Matata huanza salfeti inapokaribia kuisha. Umeme unaoendelea kusukumwa ndani hukosa kazi ya kufanya kwenye mabamba, na hapo huyageukia maji. Maji hupasuliwa kuwa gesi mbili. Oksijeni hutoka katika bamba chanya na haidrojeni katika bamba hasi, kwa kiasi cha haidrojeni mara mbili ya oksijeni.

Kuna jambo la ajabu hapa ambalo halitajwi sana. Kwa hesabu za kikemia, maji yanaweza kupasuliwa kwa volti 1.23 tu, ilhali chumba cha betri ya risasi kina volti mbili hata kikiwa kimetulia rafuni. Kwa haki, betri hii ingefaa kujichemsha yenyewe hadi ikauke bila kuguswa na mtu. Inanusurika kwa sababu risasi ni mvivu mno wa kuzalisha haidrojeni. Inahitaji kusukumwa zaidi kuliko madini mengine mengi kabla haijaanza kutoa gesi hiyo kwa wingi. Uvivu huo ndio umeipa betri ya Planté maisha ya zaidi ya miaka 160.

Uvivu wenyewe una mpaka. Kila chumba kinapofikishwa volti 2.35 hadi 2.4, yaani volti 14.1 hadi 14.4 kwa betri nzima, mapovu huanza kuonekana kwa wingi. Isitoshe, uchafu huuharibu. Chembe za chuma, nikeli au antimoni zikitua juu ya bamba hasi, haidrojeni hupata njia rahisi ya kutoka. Ndiyo maana betri za kawaida hazifai kuongezwa maji ya kisima wala ya mfereji, bali yale yaliyosafishwa ambayo wengi huyaita maji ya betri.

Kiasi cha gesi kinachotoka kinaweza kuhesabiwa bila kubahatisha. Kila saa moja ambayo betri ya volti 12 iliyokwisha kujaa inasukumiwa ampea moja ya ziada, hupoteza takriban gramu mbili za maji na kutoa lita 2.5 za haidrojeni pamoja na lita 1.25 za oksijeni. Katika betri ya kawaida gesi hizi hupita kwenye matundu ya vifuniko na kupotelea hewani. Mwenye betri hulazimika kurudisha maji yaliyopotea. Kufunga betri ya namna hiyo kabisa kungekuwa sawa na kutengeneza bomu.

Kwa takriban karne nzima, basi, hakukuwa na namna ya kuifunga. Hatua ya kwanza kubwa ilipigwa nchini Ujerumani katika miaka ya 1950, wakati asidi ilipochanganywa na unga laini wa silika ikaganda kuwa jeli, mithili ya uji mzito uliopoa. Hatua ya pili ilipigwa jijini Denver, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huko watafiti wa kampuni ya Gates waliinyonyesha asidi kwenye mkeka mwembamba wa nyuzi za kioo uliobanwa kati ya mabamba. Betri nyingi zilizofungwa zinazouzwa humu nchini ni za mojawapo ya aina hizi mbili.

Mkeka huo una siri yake. Haujazwi asidi pomoni. Huachwa ukiwa umeloa karibu asilimia 95, nafasi ndogo iliyobaki ikiwa ni vijia vyembamba vya hewa. Katika betri ya jeli vijia hivyo hutokea vyenyewe, kwa kuwa jeli inapokauka kidogo hupasuka nyufa. Betri mpya ya jeli kwa hiyo hutoa gesi kiasi mwanzoni, kisha hutulia nyufa zinapojitokeza.

Vijia hivyo ndivyo hufanya kazi yote. Oksijeni inayozaliwa kwenye bamba chanya, badala ya kupanda juu kama povu, hupenya kupitia mkeka hadi kwenye bamba hasi lililo umbali wa milimita chache tu. Huko hukutana na risasi laini na kuiunguza kuwa oksidi ya risasi. Oksidi hiyo humezwa na asidi papo hapo, ikawa salfeti ya risasi na maji. Umeme wa chaji unaoingia huigeuza salfeti hiyo kuwa risasi tena. Duara limekamilika. Maji yaliyopasuliwa yamerudi, na hakuna kilichopotea isipokuwa umeme, ambao umekuwa joto.

Je, haidrojeni nayo huenda wapi? Wengi hudhani kuwa gesi hizo mbili huungana ndani ya betri zikawa maji. Sivyo. Haidrojeni ikishazaliwa, si rahisi kuirudisha. Werevu wa betri hii ni kuizuia isizaliwe. Maadamu oksijeni inafika kwenye bamba hasi na kuendelea kuunguza risasi, kila mara kutakuwa na salfeti changa ya kugeuzwa. Umeme hupata kazi ya kufanya, bamba hasi halifiki kiwango cha kutapika haidrojeni kwa wingi, na betri hukaa kimya.

Mambo yakienda sawa, kati ya asilimia 95 na 99 ya oksijeni hurudi kuwa maji. Tofauti inayoletwa na jambo hili ni kubwa. Betri ya kawaida ikipewa jumla ya ampea-saa 50 za ziada, hupoteza takriban gramu 100 za maji. Betri iliyofungwa, ikipewa kiasi hicho hicho polepole katika muda wa wiki kadhaa huku asilimia 98 ya oksijeni ikirudi, hupoteza takriban gramu mbili.

Juu ya kila chumba huwekwa vali ndogo ya mpira. Shinikizo la ndani likizidi kiasi, vali hujifungua, huachilia gesi, kisha hujifunga ili hewa ya nje isiingie. Hiyo ina maana kwamba hakuna betri ya risasi iliyofungwa kabisa. Neno linalopigiwa chapuo kwenye maboksi ni la kibiashara. Ukweli ni kuwa ni betri yenye mlango unaofunguka kutoka ndani tu.

Mlango huo lazima ufunguke mara kwa mara hata betri ikitunzwa kama mboni ya jicho. Fremu inayobeba bamba chanya huliwa na kutu polepole, na kutu hiyo hula oksijeni inayotoka katika maji. Oksijeni inapomezwa huko, haidrojeni ya maji hayo hubaki bila mwenzake na haina budi kutoka nje. Aidha, bamba hasi hujiisha lenyewe kidogo kidogo ndani ya asidi, na jambo hilo pia huzalisha haidrojeni. Betri iliyofungwa kwa hivyo hukauka taratibu kwa miaka. Baadhi ya watengenezaji huweka chini ya vali kichocheo kilichotengenezwa kwa madini ya paladiamu, ambacho huziunganisha haidrojeni na oksijeni zilizopotea njia zikawa maji. Kwa betri za bei ya chini hicho ni kitu cha kusikia tu.

Hapa pia ndipo palipo na kosa linalofanywa na baadhi ya mafundi. Wakiona betri iliyofungwa imedhoofika, hubandua kifuniko, hung'oa vipira vya vali na kumimina maji hadi yafurike. Ni kweli kwamba betri iliyokauka inahitaji maji, na matone machache yaliyopimwa yanaweza kuirudishia uhai kwa muda. Lakini mkeka ukijazwa pomoni, vijia vya oksijeni huzibwa. Oksijeni haivuki tena. Bamba hasi huanza kutoa haidrojeni, na gesi zote hutoka nje. Fundi amegeuza betri iliyofungwa kuwa betri ya kawaida, isipokuwa sasa haina nafasi ya asidi ya akiba wala matundu yaliyoundwa kwa kazi hiyo. Vipira vya vali navyo visiporudishwa barabara, hewa huingia na oksijeni yake huila risasi ya bamba hasi mchana kutwa.

Hatari kubwa zaidi hata hivyo imo katika joto. Katika betri ya kawaida, gesi zinapotoroka huondoka na sehemu ya nishati iliyotumika kuyapasua maji. Katika betri iliyofungwa nishati hiyo haitoroki. Oksijeni inaporudi kuwa maji huitema yote kama joto, ndani ya kasha la plastiki ambamo mabamba yamebanana na hakuna asidi ya kutosha ya kulisambaza.

Betri nzuri ya ampea-saa 100 iliyojaa huhitaji mkondo mdogo sana wa kuitunza, ambao huleta joto la wati moja au mbili. Hilo si kitu. Lakini joto lina tabia mbaya. Betri inapopata joto, hupokea mkondo mkubwa zaidi kwa volti zile zile. Mkondo mkubwa huzalisha oksijeni zaidi, oksijeni huzalisha joto zaidi, nalo joto huita mkondo zaidi. Mkondo ukifika ampea tano kwa volti 14, betri huwa inapokea wati 70, joto linalozidi lile la balbu ya zamani ya wati 60, ikiwa imefungiwa ndani ya kabati lisilopitisha hewa.

Hapo ndipo plastiki hulainika na mbavu za betri kuvimba. Betri iliyovimba, basi, mara nyingi ni betri iliyopikwa. Shinikizo la gesi lilisukuma kasha lililokuwa limelegea kwa joto. Kuirejesha umbo kwa kuibana kati ya mbao, kama ilivyowahi kujaribiwa na wajanja kadhaa, hakufai kitu kwa sababu mabamba ya ndani yamekwisha kuachana na mkeka.

Kuna njia nyingine ya kufika huko, nayo huwanasa hata watu waangalifu. Betri inapozeeka, chumba kimoja kinaweza kufa kwa mabamba yake kugusana. Betri hubaki na vyumba vitano, lakini chaja haijui. Inaendelea kupeleka volti 14.4 zilizokusudiwa vyumba sita. Kila chumba kilichobaki hupata takriban volti 2.9, kiwango ambacho hakuna mkeka wa kioo unaoweza kukihimili. Vyumba hivyo vitano vizima hupikwa kwa sababu ya ndugu yao aliyekufa. Dalili ni rahisi kuiona. Betri iliyokuwa ikitulia kwenye volti 12 na ushei sasa hutulia kwenye volti 10 na nusu hivi, na hupata moto kila inapochajiwa. Betri kama hiyo haifai kuendelea kuchajiwa hata kwa siku moja.

Haidrojeni inayotoka wakati huo haina rangi wala harufu. Hushika moto ikiwa imefika asilimia nne tu ya hewa, na huendelea kuweza kulipuka hadi inapopita asilimia 75. Cheche inayotosha kuiwasha ni ndogo kuliko ile inayohisiwa na mtu anapovua sweta ya sufu. Kuondoa waya wa chaja kabla ya kuzima umeme kunatosha kabisa.

Ni muhimu hapa kutofautisha chumba na boksi. Chumba cha kulala cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita mbili na nusu kina lita 22,500 za hewa. Ili haidrojeni ifike asilimia nne zinahitajika lita 900, na betri moja ya nyumbani haiwezi kutoa kiasi hicho kwa urahisi. Tena haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14 na hutoroka haraka juu ya kuta na mabatini. Lakini boksi la mbao lililofunikwa vizuri, lenye lita 200 za hewa, linahitaji lita nane pekee. Betri iliyoharibika inayosukumiwa ampea tano na kutoa gesi yake yote nje hufikisha kiasi hicho kwa takriban dakika 40, iwapo boksi halina pa kupumulia.

Hivyo basi, wanaoifungia betri ndani ya sanduku lenye kufuli ili isiibwe wanapaswa kuliachia sanduku hilo matundu, ya chini kwa ajili ya hewa baridi kuingia na ya juu kabisa kwa ajili ya haidrojeni kutoka. Matundu ya ubavuni katikati peke yake hayatoshi, kwa kuwa gesi hujikusanya chini ya kifuniko. Inveta au kidhibiti chenye swichi zinazotoa cheche havifai kukaa ndani ya sanduku hilo hilo juu ya betri, ingawa ndivyo inavyofanywa katika nyumba nyingi kwa kuwa panapendeza macho.

Wakati mwingine betri inayopikwa hutoa gesi ya tatu. Asidi ya salfuriki ikipashwa joto kali huku ikichajiwa kupita kiasi, bamba hasi huweza kuzalisha salfidi ya haidrojeni, ile gesi yenye harufu ya mayai viza. Watu wengi huinusa wakadhani mtungi wa gesi ya kupikia unavuja, wakafunga jiko na kuendelea na shughuli zao. Gesi hii ni sumu. Mbaya zaidi, ikiwa nyingi hulemaza uwezo wa pua kuinusa, mtu akadhani imekwisha ilhali ndiyo inazidi. Nyumba ikinuka mayai viza na ndani mna betri, la kwanza ni kuwatoa watu na kufungua madirisha. Umeme wa chaja uzimwe kutoka mbali, kwenye swichi kuu au kwenye paneli, si kwa kung'oa waya kwenye betri. Betri yenyewe iachwe ipoe kwa saa kadhaa kabla ya kuguswa.

Harufu ya asidi inayowasha koo ni dalili tofauti. Hiyo huletwa na matone madogo mno ya asidi yanayobebwa na gesi inayotoka kwa kasi, na maana yake ni kuwa vali ziko wazi na betri inapoteza maji.

Je, mwenye betri afanye nini ili asifike huko? Jibu kubwa limo katika volti na joto. Betri iliyofungwa ya volti 12 inayokaa ikiwa imejaa hufaa kutunzwa kwa volti 13.5 hadi 13.8 katika joto la nyuzi 25 za sentigredi. Ikiwa joto ni kali zaidi, volti hizo zinapaswa kupunguzwa, takriban volti 0.02 kwa kila nyuzi moja. Vidhibiti bora vya sola hufanya hesabu hii vyenyewe, iwapo kile kipima joto chao kimebandikwa kwenye betri. Mara nyingi waya huo mdogo huachwa ndani ya boksi la vifaa kwa kuwa aliyefunga mtambo hakujua kazi yake.

Katika nchi yenye Limuru na Lodwar, jambo hilo si la kupuuzwa. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kuwa maisha ya betri hupungua kwa nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Betri ambayo ingeishi miaka minne katika nyumba ya baridi ya nyanda za juu huenda isivuke miaka miwili ikikaa juu ya kabati chini ya mabati Garissa. Kuishusha sakafuni, kwenye upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri, hakugharimu chochote.

Kidhibiti chenyewe nacho lazima kielezwe aina ya betri. Vingi vina kitufe cha kuchagua kati ya betri ya kawaida ya maji, ya mkeka na ya jeli. Kikiachwa kwenye betri ya maji, baadhi huwa na mpango wa kupandisha volti hadi zaidi ya 15 kila baada ya wiki kadhaa ili kuikoroga asidi. Kwa betri ya lori hilo ni dawa. Kwa iliyofungwa ni kipigo, kwa kuwa haina asidi ya kukorogwa na maji inayopoteza hayarudi.

Kuhusu wale wanaounganisha paneli moja kwa moja na betri bila kidhibiti ili kuokoa pesa, hesabu yao ni mbovu. Paneli inayoitwa ya volti 12 huweza kutoa zaidi ya volti 20 ikiwa haina mzigo. Betri ikishajaa adhuhuri, hakuna cha kuizuia paneli hiyo kuendelea kuyapasua maji hadi jua lituwe. Kidhibiti cha bei nafuu ni rahisi kuliko betri ya pili.

Kanuni za mwaka wa 2012 kuhusu mitambo ya sola zinataka fundi anayeiweka awe na leseni, inayotolewa sasa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli nchini (EPRA). Mnunuzi ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni hiyo, na ana haki ya kuuliza swali dogo: kidhibiti hiki kimewekwa kwenye volti ngapi? Fundi asiyeweza kulijibu hafai kuachiwa betri.

Kwa wanaomiliki magari, ieleweke kwamba betri nyingi za gari zisizo na vifuniko vya kufungua si za aina hii. Ni betri za maji za kawaida ambazo risasi yake imechanganywa na kalisi badala ya antimoni ili zitoe gesi kidogo, zikaongezewa asidi ya akiba na kuzibwa juu. Zina tundu dogo la kupumulia ubavuni. Zikilazwa huvuja, na mtu akiinamia moja akiwa na sigara wakati inachajiwa, anahatarisha macho yake.

Katika miaka ya hivi karibuni betri za lithiamu zimeanza kuzipokonya zile za risasi nafasi yake katika mitambo ya sola. Hizo hazipasui maji wala hazihitaji vali ya namna hii, na zina matatizo yao mengine. Lakini bei ya kununulia ingali inawafanya wengi kurudi kwenye risasi, na zile zilizoko tayari majumbani zitaendelea kufa moja baada ya nyingine.

Zinapokufa, haifai kuzipasua ili kumwaga asidi na kuuza risasi kwa kilo. Mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa unajua gharama yake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa karibu na makazi hayo kiliwaachia wakazi sumu ya madini ya risasi, watoto wakiwemo. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, uamuzi ambao Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024. Betri nzee ipelekwe ikiwa nzima, imesimama wima, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa mpira au utepe ili zisigusane na chuma, hadi kwa mnunuzi wa betri kuukuu aliye na kibali cha kuzipeleka kwenye kiwanda kilichoidhinishwa.

Iliyovimba isisafirishwe ndani ya gari lililofungwa vioo, wala isichajiwe kwanza ili kuona kama bado inafanya kazi.